Kufuli Lililotazama Ukuta

Msomaji, shusha pumzi uliyoibana tangu wiki jana. Koleo hakufa.

Tulimwacha karakanani, kifuniko cha boksi la umeme kiko sakafuni, kidole chake kinaielekea shaba. Kilichomwokoa ni tabia yake ya kizee ambayo vijana humcheka kila siku. Kabla ya kugusa, alichomeka testa, kijiti chake cha kupimia umeme. Na testa ikawaka nyekundu!

Palipotakiwa pasiwe na kitu, mauti yalikuwa yamekaa yanamsubiri.

Koleo alirudi nyuma hatua mbili, akaigonga meza kwa kiuno, bisibisi ikaanguka. Jasho lilimtoka mgongoni kana kwamba amemwagiwa ndoo.

"Nani kawasha?" aliuliza.

Vijana kumi na wanne walikuwa ndiyo kwanza wanarudi kutoka mapumziko ya saa nne, wengine bado wanafuta midomo.

"Babu, si ulifunga mwenyewe?" mmoja alisema kutoka nyuma. "Tulikuona na kufuli lako."

Kweli, alifunga. Na kwa wewe unayejiunga nasi leo, nikueleze upesi, maana hapa hatuna muda wa kupoteza.

Koleo ana miaka hamsini na miwili. Ishirini na saba kati ya hiyo ameila akivuta waya kwenye nyumba za watu, bila cheti, kwa ujuzi wa mikono tu. Mwaka huu sheria mpya ikatoka: asiye na cheti asiguse waya. Basi mzee akanunua daftari, akarudi shule, akakaa dawati moja na watoto walio rika la kitindamimba wake. Wao ndio waliompa jina, kwa sababu ya koleo lisilobanduka kwenye mfuko wake wa nyuma.

Karakana ile ina sheria isiyo na mjadala. Kabla ya kufungua boksi, shusha swichi, tia kufuli lako, ufunguo uweke mfukoni mwako. Kufuli la Koleo ni namba tisa. Alishusha swichi, akafunga, akatia ufunguo mfuko wa shati na kifungo akafunga. Ndipo kengele ya mapumziko ikalia.

Sasa ufunguo ulikuwa pale pale mfukoni. Kufuli lilikuwa mahali pake, limebana. Lakini swichi ilikuwa juu!

Yaani mtu alifungua kufuli, akawasha umeme, kisha akafunga tena na kwenda zake.

"Huu si mzaha," Koleo alisema. "Mzaha wa namna hii una jeneza ndani yake."

"Jeneza gani tena asubuhi hii?"

Aliyeuliza alikuwa mlangoni. Mkufunzi! Mtu wa makamo, koti la kijivu limenyooshwa kwa pasi, kalamu tatu kifuani. Alipita katikati ya vijana taratibu, akaenda mpaka kwenye swichi, akalishika kufuli, akaligeuza, akasoma namba.

"Tisa. Ni lako, Mzee?"

"Langu."

"Na ufunguo?"

"Ninao."

"Basi hapa hakuna muujiza. Umefunga swichi ikiwa juu. Swichi zetu ni kuukuu, zinakubali kufuli juu na chini. Ni umri, Mzee. Umri hauna huruma."

Wawili watatu walicheka. Walipouona uso wa Koleo wakakoma.

"Miaka ishirini na saba, Mwalimu, sijawahi kufungia umeme ndani."

"Siku ya kufa nyani miti yote huteleza."

"Mimi sijafa."

"Bado," alisema Mkufunzi, kisha akatabasamu kuwaonyesha watu kwamba anatania. "Saa nane kamili uje mbele ya kamati. Mtu anayeweza kujiua anaweza pia kuua wenzake. Na mimi sitaki maiti katika karakana yangu."

Yangu, alisema. Wasomaji wa tangu mwanzo mnajua kwa nini neno hilo lilimchoma Koleo kuliko umeme. Miaka kumi na tisa iliyopita huyu Mkufunzi alikuwa mwanagenzi wake. Alimbebea ngazi, alimshikia tochi, alikula naye sahani moja. Na siku ya kwanza ya muhula, mwalimu na mwanafunzi walipokutana wakiwa wamebadilishana viti, yule mwanagenzi wa zamani hakuweza kumtazama mzee usoni.

Koleo alidhani ni aibu.

Nje, kwenye ukumbi mrefu wa madarasa, msichana alimkimbilia kutoka nyuma. Ni mwenzake wa meza moja, mwembamba, miwani mikubwa, kila mtihani huwa wa kwanza. Darasa zima humwita Profesa.

"Baba, mimi nilikuona! Ulishusha ile swichi. Nitaiambia kamati."

"Hutasema kitu."

"Kwa nini?"

"Kufuli lako liko wapi?"

Kila mmoja anayefanya kazi kwenye boksi lazima atie kufuli lake mwenyewe, wawe wawili au kumi. Asubuhi ile Profesa alikuwa amelisahau la kwake bwenini, akataka kulifuata, na Koleo akamwambia kama baba amwambiavyo mwanawe, "Kaa, mwanangu, utachelewa bure. La kwangu linatutosha." Miaka ishirini na saba hajavunja sheria hiyo, akaja kuivunja kwa ajili ya huruma. Na chuoni, mwanafunzi anayeshika kazi bila kufuli lake hufukuzwa siku hiyo hiyo.

"Ukisema uliniona, watakuuliza la kwako lilikuwa wapi," Koleo alisema. "Mimi nimeshaishi. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Nyamaza."

"Lakini nilikuona kabisa! Hata nikakutania, ulivyokuwa unalipapasa kufuli namba itazame nje kama mtu anayemvalisha bibi harusi!"

Koleo alisimama ghafla.

"Rudia ulivyosema."

"Nimesema namba uliielekeza nje. Wiki iliyopita si ulikatwa alama mbili kwa kuielekeza ndani?"

"Na Mkufunzi alipolishika kufuli sasa hivi, alifanyaje?"

Profesa alifikiri. Macho yakamtoka nyuma ya miwani.

"Aliligeuza," alinong'ona. "Aliligeuza ndiyo akasoma."

Ndugu msomaji, hapo ndipo moyo wa Koleo uliposhuka mpaka kwenye viatu. Chuo kinataka namba ya kufuli itazame nje, kila mtu aione. Lakini Koleo, kwa muda wote aliofanya kazi kwenye boksi za nje ya nyumba, mvua na vumbi vikimpiga, alifunga kwa namna yake. Uso wa kufuli ukutani, mgongo nje, ili tundu la ufunguo lisiingie uchafu. Leo tu, kwa ajili ya zile alama mbili, alijilazimisha kufunga kama wanavyotaka.

Aliyekuja kufunga baada yake hakufikiri. Alifunga kama mikono yake ilivyozoea.

Na duniani kulikuwa na watu wawili tu wenye mazoea hayo. Mmoja ni Koleo. Wa pili alifundishwa na Koleo mwenyewe, kwa makonzi ya kichwa.

"Funguo za akiba hutunzwa wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ofisini kwa Mkufunzi," alijibu Profesa. "Baba, unakwenda wapi? Baba!"

Hakubisha hodi. Mkufunzi alikuwa amekaa, anachonga penseli kwa wembe, maganda yanaangukia kwenye karatasi.

"Kijana," Koleo alisema na kufunga mlango. Kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze hakumwita Mwalimu. "Ulilielekeza ukutani."

Wembe ulisimama.

Mkufunzi hakuuliza kitu gani. Angeuliza, labda Koleo angeanza kujitilia shaka. Alikaa akiutazama mkono wake kwa muda, kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

"Nilikuomba kwa wema, Fundi," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa ya yule mwanagenzi wa zamani. "Nilikukata alama. Nilikuweka zamu za usafi kama mtoto. Nilitaka uchoke urudi nyumbani. Mbona hukuchoka?"

"Kwa hiyo ukaamua kuniua?"

"Kiko wapi?"

"Nini?"

"Usinifanye mjinga. Kile kipande. Ulichowaambia darasani."

Wiki tatu zilizopita, mwalimu wa nadharia alichelewa, na mzee akawapigia vijana soga kujaza muda. Aliwasimulia habari za nyumba ya seremala mmoja iliyoungua miaka kumi na tisa nyuma, mke wa seremala akiwa ndani. Wakaguzi walisema ni pasi. Lakini Koleo aliwaambia vijana kwamba alirudi kesho yake, akafukua majivu, akakuta kiungo cha waya kilichosokotwa kwa vidole tu, bila kubanwa, bila utepe, kimezikwa ndani ya ukuta. Aliwaambia kipande hicho anacho mpaka leo, ndani ya mkebe. Darasa zima liliacha simu likamsikiliza.

Nyumba ile Koleo aliivuta waya mwenyewe, ila siku ya chumba cha mwisho hakuwepo. Siku hiyo alikuwa hospitali, mkewe anajifungua. Alimwachia mwanagenzi.

"Ni wewe," alisema polepole. "Yule mama... Ni wewe."

"Nilikuwa na miaka ishirini na moja!" Mkufunzi alisimama, kiti kikaanguka. "Ulinituma nimalize chumba bila zana, zana zote umeondoka nazo wewe! Nilisokota kwa vidole kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Nikasema nitarudi kesho. Kesho yenyewe haikufika, nyumba iliungua usiku huo. Sasa nina mke, nina watoto, naitwa Mwalimu. Nilikuwa napita dirishani nikakusikia unawasimulia watoto wa watu. Mkebe uko wapi, Fundi?"

Wembe ulikuwa bado mkononi mwake. Kidogo tu, lakini ulikuwepo.

Koleo alipima umbali kutoka alipo mpaka mlangoni. Hofu ilimshika kweli kweli, na hofu humfanya mtu aseme lolote. Alijibu upesi, upesi kuliko alivyofikiri.

"Kuniua hakutakusaidia. Mkebe uko nyumbani kwangu, na mke wangu anajua ulipo. Nikifa leo, kesho anaupeleka polisi."

Wahenga wanasema mdomo huponza kichwa. Hawakusema kichwa cha nani.

Mkufunzi aliuweka wembe mezani, akainua kiti, akakikalia.

"Sawa," alisema kwa upole. "Tutaonana kwenye kamati, Mzee."

Koleo alitoka akijiona mshindi. Jamani! Kuna ushindi mwingine ni shimo mtu hujichimbia mwenyewe.

Ilipotimu saa nane, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya Mkuu wa chuo, mama mnene wa sauti ndogo ambaye hajawahi kuonekana akicheka. Kulia kwake karani, kushoto kiti kitupu cha Mkufunzi.

"Tuanze, atatukuta," alisema Mkuu. "Mzee, taarifa inasema ulifunga swichi ikiwa imewashwa. Una la kujitetea?"

"Ninalo, lakini nataka anayenishtaki awepo."

"Mimi ndiye ninayepanga hapa. Jibu."

Kabla hajafungua kinywa, mlango ulisukumwa. Profesa! Miwani imepinda, pumzi juu juu.

"Mama Mkuu, samahani. Mimi nilikuwa naye. Swichi aliishusha. Namba ya kufuli ilitazama nje, na baada ya mapumziko ilitazama ndani. Kuna mtu alilifungua."

"Toka, mtoto!" Koleo alifoka. "Nimekwambia nini mimi?"

"Na la kwako lilikuwa wapi?" Mkuu aliuliza taratibu, kama Koleo alivyojua ataulizwa.

Machozi ya Profesa yalikuwa karibu, lakini sauti hakuipoteza.

"Bwenini. Nililisahau. Najua adhabu yake."

Karani aliacha kuandika. Koleo alifunika uso kwa viganja, kwa uchungu na kwa fahari, hakujua kipi kimezidi. Mtoto wa watu, mwenye kesho nzima mbele yake, ameitupa mezani kwa ajili ya babu asiye ndugu yake.

Mkuu aligeuza penseli mara mbili.

"La kwako tutalizungumza baadaye," alimwambia msichana. "Funguo za akiba anazo mtu mmoja tu chuoni hapa. Karani, niitie Mkufunzi. Sasa hivi."

Karani alitoka. Alirudi na mlinzi wa geti, kofia mkononi.

"Mkufunzi ametoka, Mama," alisema mlinzi. "Kama saa moja imepita. Na pikipiki yake, na sanduku la vifaa nyuma. Nilimuuliza unakwenda wapi, Mwalimu, na kamati iko saa nane? Akasema anakwenda kumsaidia mke wa mzee mmoja, mwanafunzi wake."

Koleo hakusikia yaliyofuata. Mke wangu anajua ulipo. Alikuwa amemwambia mwenyewe, kwa kinywa chake.

Alichomoa simu. Alikosea namba mara mbili. Mara ya tatu ikaita.

"Mzee, huu ni mkutano," Mkuu alisema. "Ukitoka kwenye kiti hicho kabla sijamaliza..."

"Nimalize, Mama! Nifukuze!" Koleo alipiga kelele. "Pokea, mke wangu. Pokea."

Ikapokelewa.

"Baba Watoto!" Sauti ya mkewe ilikuwa imechangamka. "Heri umepiga. Mwalimu wako yuko hapa. Kijana mstaarabu kweli kweli, sijui kwa nini unamnung'unikia kila siku. Anasema umemtuma mkebe. Nimemwambia, mkebe gani? Nimepekua nyumba nzima sijauona."

"Nisikilize. Toka nje. Toka sasa hivi."

"Nitoke niende wapi na nguo ya mtu iko kwenye cherehani? Tena nina neno na wewe. Mwaka mzima nakulilia ile soketi ya cherehani inacheza, unaniambia kesho, kesho. Mganga hajigangi, ndiyo wewe! Mwenzio kaingia tu, kaiona, kafungua sanduku lake. Kaitengeneza na soketi, na cherehani yenyewe. Ameshamaliza, ananiambia nikae nijaribu."

"Usiguse!" Koleo aliruka kutoka kwenye kiti. "Usiguse hiyo cherehani! Unanisikia?"

"Unapiga kelele, sikusikii vizuri. Ngoja niiweke simu chini, nashika kitambaa kwa mikono miwili."

"Usiweke! Usi..."

Simu iligonga kwenye mbao. Koleo alisikia kiti kikivutwa. Alisikia mkewe akikohoa kidogo, kama anavyokohoa kila anapoanza kazi. Profesa alikuwa amemshika mkono bila kujua, na Mkuu wa chuo alikuwa amesimama.

Halafu mtu akaiokota simu.

"Fundi." Sauti ya Mkufunzi ilikuwa tulivu kama ya mtu anayesoma mahudhurio. "Hajagusa. Nimemwambia asubiri mpaka nimpe ruhusa, na ni mama msikivu. Mimi niko mlangoni, hanisikii. Amekaa, viatu amevua, mkono uko karibu na chuma, mguu uko juu ya kanyagio. Niambie mkebe uko wapi, nizime umeme, ninywe chai niondoke."

Koleo aliishika simu kwa mikono miwili.

Hapa sina budi kuwaomba radhi, wasomaji wangu, maana hata mimi alinificha. Mkebe haukuwepo.

Haukuwahi kuwepo. Hakurudi kesho yake, hakufukua majivu, hakuokota waya wowote. Kama watu wote, aliamini kwa miaka kumi na tisa kwamba nyumba ya seremala iliunguzwa na pasi. Siku ile darasani vijana walikuwa wanasinzia, wanaminya simu, wanamwona babu aliyepitwa na wakati. Akataka mara moja tu wamsikilize. Akatunga kiungo, akatunga ukuta, akatunga mkebe. Alitunga uongo ili apate heshima ya watoto, kumbe neno kwa neno alikuwa anasimulia kweli.

Na sasa kweli hiyo ilimtaka mkebe.

"Fundi?" ilisema sauti kwenye simu, bila haraka. "Mkeo anauliza kama akanyage sasa. Nimjibuje?"